Umejichanga unataka kamera? Anza na lenzi, bodi itafuata

Msimu wa mahafali ukikaribia hapa Dodoma simu zinaanza, kaka nina milioni moja na laki mbili nimejichanga, ninunue kamera gani? Na mimi kabla sijataja kamera yoyote namuuliza, unaenda kupiga nini na saa ngapi? Maana anayepiga wahitimu wa UDOM pale nje ya ukumbi wa Chimwaga saa sita mchana, jua limesimama utosini, hata kamera ya zamani kabisa itampa picha, mwanga umejaa tele. Ila anayetaka kupiga sendofu usiku ukumbini, taa za zambarau zinazunguka na MC kazima taa kubwa ili keki ionekane vizuri, huyo akikosea kununua ataumia, na wengi wanaonipigia ndo hizo kazi wanazotaka kwa sababu ndo zenye hela.

Mimi nilikosea. Kazi yangu ya kwanza ya sendofu nilikuwa na bodi mpya ya dukani, yaani kamera yenyewe ukiacha lenzi, boksi bado linanukia upya, hela yote niliimalizia hapo, lenzi ilikuwa ile ile ya 18-55 iliyokuja nayo. Ikafika mama anamkabidhi binti, mama kamshika mwanae usoni kwa mikono miwili, machozi yanatoka, ukumbi mzima umenyamaza. Nikavuta zumu mpaka 55, na lenzi ile ukiivuta hadi hapo inabana mpaka f/5.6, yaani tundu la kuingiza mwanga linakuwa dogo (namba ya f ikipanda, tundu linapungua), ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, nimeshapandisha 6400, spidi imeshuka hadi 1/30 ya sekunde, nikapiga kama picha kumi na mbili hivi. Nyumbani nikafungua kwenye kompyuta, zote mikono imecheza, uso wa mama ni chengachenga tupu. Ile familia haina hiyo picha mpaka leo na tukio lenyewe halirudiwi, ndo maana hili jambo nalisemea kwa nguvu.

Sasa angalia hesabu. Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo kwa Canon na Nikon ni kati ya lenzi za bei ya chini kabisa wanazotengeneza, inaingiza mwanga karibu mara tisa na nusu kuliko ile iliyobana f/5.6. Yaani ningekuwa nayo usiku ule ningeweza kushusha ISO kutoka 6400 mpaka kama 640 kwa spidi ile ile, au nibaki na ISO kubwa kidogo nipandishe spidi mikono isicheze. Hakuna bodi ya hela yetu inayokupa tofauti hiyo. Kwa hiyo kwenye milioni na laki mbili yako, bodi isile zaidi ya nusu, inayobaki ni ya 50mm, flashi ya kufunga juu hata ya mtumba, betri ya pili na kadi mbili.

Bodi tafuta iliyotumika, na usisumbuliwe na megapikseli. Picha ya A4 iliyochapishwa vizuri kabisa inahitaji megapikseli kama 9 tu, sasa Canon 600D ya mwaka 2011 ina 18, 700D ya 2013 nayo 18, na wateja wenyewe wengi wanataka utume WhatsApp. Hizo mbili pia zinatumia aina moja ya betri, LP-E8, ambayo ni raha ukiwa na mwenzio kazini. Ukipata Nikon D7000 au D7100 kwa bei ya kueleweka chukua. 5D Mark II ya Canon watu wanaisifia kwa vile ni ful fremu, yaani sensa yake, kile kipande kinachonasa picha, ni kikubwa, na picha zake ni nzuri kweli, ila ni kamera ya 2008, ukumbini gizani utategemea ile pointi ya fokasi ya katikati tu, na nyingi zilizopo sokoni zimeshapigishwa kazi sana.

Hapa kwenye Nikon kuna mtego unaonasa watu wengi, soma taratibu. Zile bodi ndogo, D3000 na ndugu zake (D3100, D3200, D3300...) na D5000 na ndugu zake, hazina mota ya kuzungusha fokasi ndani ya bodi. Ukiuziwa 50mm f/1.8D, ile ya zamani ya bei poa, itaingia vizuri na picha itapiga, ila otofokasi haipo, utazungusha kwa mkono bibi harusi anakuja anacheza. Kwenye bodi hizo hakikisha lenzi imeandikwa AF-S. D7000 na D7100 zenyewe zina mota. Canon hawana hilo tatizo, lenzi zao za EF zina mota humo humo ndani. Kwa Canon angalia tu herufi, EF inaingia kwenye bodi zote za EOS za kioo (DSLR), EF-S haiingii kwenye ful fremu. Na uzuri wa EF ni kwamba siku ukihamia mirolesi za Canon za R, zile zisizo na kioo ndani, unaweka adapta tu, lenzi zako zinaendelea na kazi.

Ujue pia kwamba 50mm kwenye bodi zisizo ful fremu inaona eneo dogo, kwa Canon inaonekana kama 80mm. Sura ya mtu mmoja inatoka vizuri mno, ila ukiwa sebuleni kwa watu Ilazo au Majengo na wajomba kumi na wawili wanataka picha ya pamoja, utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta na bado mjomba wa pembeni hajaingia. Ndo maana ile 18-55 usiiuze, toa watu nje kwenye mwanga uwapige nayo. Baadae ukipata hela, EF-S 24mm f/2.8 ya Canon ni ndogo kama kifuniko na inamaliza shida ya sebuleni.

Kununua sasa. Mzigo mwingi unatoka Dar, na lenzi iliyokaa pwani, Dar, Tanga au Zanzibar, inapata fangasi kwa sababu ya unyevu. Usiangalie juu juu. Washa tochi ya simu, iweke nyuma ya lenzi, wewe chungulia kwa mbele ukiigeuzageuza taratibu. Vumbi utaliona kama nukta nukta, hilo lisikutishe. Fangasi inaonekana kama nyuzi za buibui zimetawanyika kutoka sehemu moja, ukiiona hiyo rudisha hata kama bei imeshuka. Bodi, weka f/16, piga anga au ukuta mweupe, halafu vuta picha uangalie madoa meusi. Machache yanasafishika, ila kama kuna mkwaruzo kwenye sensa achana nayo. Idadi ya shata, yaani bodi imeshapiga picha ngapi, kwa Nikon inasomeka ndani ya faili ya JPEG yenyewe, kwa Canon mara nyingi inahitaji programu kwenye kompyuta, kwa hiyo muuzaji akikataa usiunganishe, wewe amua. Betri iweke juu ya meza ya kioo, ikizunguka kama pia ya kuchezea, ujue imevimba. Kadi jaza mafaili mpaka mwisho kisha yafungue, kadi feki inaandikwa GB 64 na inaanza kupoteza picha katikati.

Huku kwetu adui ni vumbi. Kiangazi upepo wa Dodoma mnaujua, nenda viwanja vya Nanenane Nzuguni mwezi wa nane uone viatu vyako. Kubadilisha lenzi ingia ndani ya gari au banda, zima kamera, mdomo wa bodi uelekee chini, na lenzi ya pili iwe tayari mkononi. Sensa usiipulize kwa mdomo, mate yanaganda, nunua kile kipampu cha mpira.

Flashi nayo usimpige mtu usoni moja kwa moja, igeuze igonge dari, ila angalia kwanza dari limepambwa vitambaa rangi gani, kikiwa cheupe unapata mwanga laini, kikiwa cha zambarau sura zote zitakuwa zambarau, hapo geuza ukutani au rudi kwenye f/1.8 yako.

Na kama roho inakutuma 85mm f/1.8, tafuta kwanza mpiga picha wa hapa mjini aliyenayo, mwombe akukodishe kwa sherehe moja, ukae nayo usiku mzima ukumbini ndo uamue kama unaihitaji.