Kabla Hujalipa Karo ya Kusomea Gemu

Binamu yangu wa Kisauni amemaliza kidato cha nne, na tangu matokeo yatoke hanipi nafasi ya kupumua: "Nataka kusomea kutengeneza gemu kama wewe, nianzie wapi?" Nimemjibu vipande vipande kwa sauti za WhatsApp mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, na wengine mfaidike.

Tuanze na chuo. Mabango yote yana kijana aliyevaa miwani ya VR, kwa hiyo bango lisikuambie kitu. Nenda mwenyewe siku ya kazi, uombe kucheza gemu tatu za wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Kucheza, si kuonyeshwa video yake. Wakikwambia kompyuta zina shida leo, rudi kesho. Wakikwambia hivyo tena, usirudi. Uliza anayefundisha ametoa gemu gani na lini, halafu uulize maabara hufungwa saa ngapi. Swali hilo la mwisho mimi sikuuliza. Yetu ilifungwa saa kumi na moja jioni, nami nilikuwa nategemea laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4 iliyopiga kelele kama kinu cha posho.

Alama: Kenya kwa kawaida diploma hutaka C- ya KCSE, na digrii C+. Ukiwa na alama za digrii ya sayansi ya kompyuta na chuo cha gemu kikawa kinakula shamba la baba, mimi ningechukua kompyuta, gemu nikajifunza usiku. Najua wenzangu watanirukia kwa hilo. Lakini kazi za gemu tupu huku kwetu ni chache, na anayejua kuprogramu hata akikosa studio hakosi pa kuegemea.

Ukishaingia, usishangae wiki za kwanza zikipita bila kugusa kompyuta. Sisi tuliletewa kadi, dadu na mikasi, na nusu ya darasa wakanuna. Mimi pia nilinuna, mpaka likizo nilipokaa barazani na babu na wenzake wakicheza bao. Mashimo 32, kete 64, hakuna picha wala muziki, na wazee wale hawajalichoka tangu nizaliwe. Nikamuuliza babu: je, tukiifuta nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, likawa kama mengine? Akanitazama kama niliyemtukana. "Sasa nani atakuwa na cha kulinda?"

Sikupata somo la ubunifu wa gemu lililozidi hilo kwa miaka miwili iliyofuata. Kwa hiyo zoezi lako la kwanza, hata kabla ya chuo: chukua mchezo unaoujua vizuri, karata au drafti, ondoa sheria moja, ucheze na mwenzako mara tano, kisha uandike ni kipi kilichoharibika. Sheria ambayo ukiiondoa hakuna anayelalamika haikuwa na kazi.

Injini gani ujifunze, yaani programu ya kutengenezea gemu? Vijana hugombana juu ya hili kama mashabiki wa Gor na AFC. Jifunze ile ya chuoni, lakini jifunze kilicho chini yake. Injini ya Unity ilitangaza Septemba 2023 ada ya kila usakinishaji kwa gemu zilizovuka kiwango fulani, ikaifuta Septemba 2024. Katika mwaka ule, waliokuwa wanaelewa vekta (hesabu za mwelekeo na urefu) na jinsi fremu, zile picha za skrini, zinavyofuatana walihamia Godot, injini nyingine, wakaendelea na kazi. Waliokariri mahali vitufe vilipo walianza upya. Godot ni bure, msimbo wake uko wazi, na kwa laptopu maskini ndiyo ninayokushauri. Picha za pande tatu chora kwa Blender, nayo ni bure.

Sasa jambo linaloangusha wengi. Gemu yangu ya kwanza nilitaka niingize Mombasa yote: Mji wa Kale, matuktuk, mvua, mpaka wauza viazi karai. Baada ya miezi minne nilikuwa na tuktuk moja isiyojua kukata kona. Ya pili ilikuwa kitu kimoja tu: hamali anasukuma mkokoteni aingie feri ya Likoni kabla haijaondoka, umati ukimkata njia. Sekunde 90, basi. Hiyo niliimaliza.

Nikaipeleka kibanda cha PlayStation mtaani, nikamlipa mwenye kibanda pesa ya mechi mbili anipe runinga moja. Nilijiwekea sharti: nakaa nyuma, daftari mkononi, mdomo nimefunga. Mtoto wa kwanza alishika pedi akatazama skrini bila kufanya kitu. Nilihesabu sekunde kumi na mbili. Hakujua kwamba yule hamali ndiye yeye! Ulimi uliniwasha lakini sikusema, kwa sababu mtu akiipakua gemu yako Kisumu hutakuwa nyuma yake kumwelekeza. Usiku ule nilimvika hamali kilemba chekundu, na umati wote nikaupaka kijivu.

Mtoto wa pili alishinda, akashinda tena. Nikamchungulia vidole. Hasukumi moja kwa moja hata kidogo. Anakwenda mshazari, kulia-juu, kushoto-juu, kama kaa wa mwambani. "Hivi unawakwepa na mwendo haupungui," akamweleza mwenzake.

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandika kasi ya 200 kwenda juu na 200 kwenda pembeni. Ukibana vitufe viwili kwa pamoja zote mbili zinafanya kazi, na kwa kanuni ya Pythagoras mkokoteni unakimbia karibu 283. Ile pembetatu niliyoilalia darasani ilikuwa imejificha ndani ya gemu yangu. Dawa yake ni mstari mmoja: chukua mwelekeo, ufanye urefu wake uwe 1, ndipo uzidishe kwa kasi. Kwenye Godot unaita normalized(). Mstari nilioupata kwa shilingi za mechi mbili.

Ndiyo maana nasema hesabu usiikimbie, na watu wa kucheza gemu yako uwatafute mapema, ingali mbaya. Wanafunzi wenzako hawafai sana kwa hili. Wanakuonea haya, tena wanajua tayari kitufe cha kuruka ni kipi.

Kazi ya kikundi: tumieni Git, programu inayotunza kila toleo la kazi yenu, tangu siku ya kwanza. Sisi tulikuwa na folda ya "mwisho", ya "mwisho2" na ya "mwisho_kabisa", na msanii wetu akachora wiki nzima juu ya ile isiyo sahihi. Hakutusemesha mpaka mtihani.

Jiandikishe Global Game Jam, ambayo huwepo kila mwanzo wa mwaka tangu 2009: mnapewa mada, mnatengeneza gemu kwa siku chache. Utalala vibaya, lakini utatoka na kitu kilichokwisha, na anayeajiri hutazama vilivyokwisha. Viweke itch.io, tovuti ya kuwekea gemu, ni bure. Google Play wanataka dola 25 mara moja tu, Steam, duka la gemu za kompyuta, dola 100 kwa kila gemu, kwa hiyo hayo yasubiri. Na ukicheza gemu za waliotangulia, kama Aurion ya Kiro'o Games wa Kameruni au Semblance ya Afrika Kusini, usizime majina ya waliozitengeneza yanapoanza kupanda mwishoni. Soma kila mmoja alifanya nini. Utakuta sauti, uandishi, upimaji, tafsiri. Huenda kazi yako iko hapo na hukuijua.

Siku ya kuwasilisha, ijaribu gemu yako kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona, na ubebe flashi mbili.

Na binamu, ile laptopu ya gigabaiti 4 bado ipo. Betri imekufa ila kwa waya inawaka, na Godot imo. Njoo Jumamosi uichukue, mwambie shangazi asinipigie tena.