Kabla ya Kupanda Juu ya Bati, Uliza Moshi Unarudi Wakati Gani

Njombe kuanzia Juni baridi haina mchezo. Kuna asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua kwa umande ulioganda. Ndiyo maana nyumba nyingi za huku zina meko ya kuotea moto sebuleni, na siku hizi wenye uwezo wanapachika ndani yake jiko la chuma lenye mlango wa kioo, ili kuni ziende kidogo na joto libaki chumbani. Mimi ni mwashi. Ikifika msimu huo simu yangu haipumziki: "Fundi, jiko halivuti, tunalia machozi humu."

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwalimu mmoja mstaafu aliniita. Nikaitazama dohani yake nikiwa uani, nikasema hii ni fupi. Nikapandisha tofali mita nzima, siku mbili za kazi, mimi na kijana wangu wa zege. Jioni Mwalimu akawasha moto, moshi ukarudi vilevile. Kumbe ndani ya jiko, juu ya chumba cha moto, kuna bamba linalozuia moto usikimbilie dohani moja kwa moja. Aliyesafisha dohani mwezi uliotangulia aliyaangusha masizi yote juu ya bamba lile, akaondoka. Nilitoa karibu nusu ndoo. Njia ya moshi ilikuwa imebaki upana wa kidole.

Tangu siku hiyo sigusi ngazi kabla ya kuuliza: moshi unarudi wakati gani?

Ukiniambia unarudi wakati wote, najua njia imeziba au haikuwahi kutosha. Acha jiko lipoe usiku kucha, kisha toa lile bamba. Piga picha kwa simu kwanza uone lilivyokaa, maana kulirudisha bila kumbukumbu kunaweza kukumalizia asubuhi nzima. Fagia masizi. Halafu ingiza kioo kidogo cha kujitazamia na tochi, uchungulie juu: ukiona mwanga wa mbingu, njia iko wazi, usipouona, huenda kuna kiota cha ndege, au tofali limeanguka, au wavu wa kofia ya dohani umejaa masizi. Wavu huo husahaulika sana, kwa sababu uko mbali na macho.

Kama njia ni safi na jiko ni geni ndani ya meko ya zamani, chukua futi upime. Hapa ndipo ninapokuta matatizo mengi. Tundu la jiko la kutolea moshi lina kipenyo cha sentimita 15 hivi, lakini dohani ya zamani ilijengwa kwa ajili ya moto wa wazi, labda sentimita 30 kwa 30. Hesabu yake: tundu lina eneo la kama sentimita za mraba 177, dohani ina 900. Moshi unaotoka kwenye njia moja unaingia kwenye nafasi mara tano yake, unapoa, unakosa nguvu ya kupanda, na ukipoa unaacha lami nyeusi ukutani ambayo siku moja inaweza kushika moto. Dawa yake ni kushusha bomba la stenlesi lenye kipenyo kilekile cha tundu, kutoka juu kabisa mpaka kwenye jiko lenyewe. Chini, pale bomba linapoingia kwenye dohani, ziba pembeni kwa bamba la chuma, la sivyo hewa ya sebuleni itapanda kando ya bomba na kulipoza. Usikubali bomba la mabati eti ni nafuu. Zinki yake ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu, na bati lenyewe halidumu. Brashi ya kusafishia stenlesi nayo iwe ya plastiki, maana ya waya inalikwaruza.

Ukiniambia moshi unarudi wakati wa kuwasha tu, kisha unatulia, shida ni ubaridi. Dohani iliyojengwa nje ya ukuta hulala na baridi usiku wote, na hewa ile nzito hukaa ndani kama maji kwenye chupa. Washa kijiti cha udi ukishike kwenye mlango wa jiko kabla ya kuweka moto. Moshi wa udi ukikujia usoni, hewa inashuka. Kunja gazeti, liwashe karibu na tundu la juu, rudia mpaka udi uelekee ndani. Na kuni zipange kinyume cha tulivyozoea: magogo chini, vijiti juu, moto uanzie juu kabisa, ili dohani ipate joto mapema.

Moshi ukirudi pale tu unapofungua mlango wa jiko, kwanza fungua kidhibiti cha hewa chote, achanisha mlango kidogo, hesabu mpaka kumi, ndipo ufungue taratibu. Bado? Sasa ndiyo tuzungumze urefu. Majiko mengi ya aina hii yanahitaji kama mita 4.5 kutoka jiko mpaka juu, na huku kwetu, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mvuto hupungua, kwa hiyo kijitabu kilichokuja na jiko kisome upande wa mwinuko pia. Mdomo wa dohani uzidi paa kwa sentimita 90 pale inapotokea, na uzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilichomo ndani ya mita 3. Ukiwa chini ya hapo, upepo unaopita juu ya paa utausukuma moshi urudi ndani. Mti mkubwa wa mlingoti (mkaratusi) ulioota jirani unafanya uharibifu huohuo, na huo hauhitaji mwashi, unahitaji msumeno.

Kuna nyumba nyingine jiko ni zima, ila madirisha ni ya alumini yanayobana na jikoni kuna feni ya kutoa moshi wa mapishi. Feni inavuta hewa, nayo hewa inaingilia dohani. Fungua dirisha inchi moja karibu na jiko. Moshi ukikata, umeshajua, na hujatumia hata shilingi.

Kuni sitazisemea sana: mwati au mlingoti upasuliwe, ukae chini ya kibanda miezi sita na zaidi. Gonga vipande viwili. Vikilia kwa sauti kavu, sawa. Vikitoa sauti ya mkate, bado.

Na mkihisi kichwa kinauma na kizunguzungu wote mliomo chumbani, tokeni nje kwanza, msitafute chanzo. Huenda ni kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, nayo haina harufu.

Mwalimu hakutaka niibomoe ile mita ya tofali. Nilimrudishia pesa ya ufundi, saruji akasema tusameheane. Kila nikipita kwake naiona, na kunguru wameifanya kijiwe chao.