Boksi la breka kwenye hosteli ya wanafunzi: liwekwe wapi?

Hosteli nyingi za mtaani hapa Mombasa, Tudor na hata Kisauni, hazikujengwa ziwe hosteli. Ilikuwa nyumba ya familia, sebule ikagawanywa kwa mbao ikawa vyumba viwili, na boksi la breka (swichi zinazojikata umeme ukizidi) lililokuwa ukutani mwa sebule likabaki chumbani kwa mtu. Mtu huyo akifunga mlango Ijumaa akaenda kwao Kilifi, nyumba nzima haina pa kuzimia stima. Tatizo hilo ndilo lililonifanya niandike.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Hapa tunapanga mahali tu.

Hatua ya 1: Swichi kuu kwanza

Usianze na ramani, anza mlangoni. Usiku, taa zikiwa zimezimwa, mwambie mgeni asiyeijua nyumba aingie atafute swichi kuu. Akilazimika kupita jikoni, kupanda ngazi au kuomba ufunguo, mahali hapo hapafai. Ukuta wa korido ya chini karibu na lango ndio ninaoupenda, ilmradi boksi lisitokeze likabana njia ya watu kutokea.

Hatua ya 2: Kila chumba kiwe na boksi lake dogo

Wenye nyumba hubisha hapa kwa sababu ya gharama. Lakini mwanafunzi akichomeka koili ya kuchemshia maji ya wati 2,000 na pasi pamoja, breka ianguke ya kwake, si ya korido nzima usiku wa kuamkia mtihani. Na soketi ikianza kutoa moshi, aizime palepale. Kanuni za umeme za Marekani zinataka kila mkaaji azifikie breka za kwake, ingawa zinalegeza pale jengo linaposimamiwa muda wote. Hosteli zetu zina msimamizi wa mchana tu, basi huo ulegevu hautuhusu.

Liweke upande wa kitasa cha mlango. Ukiliweka upande wa bawaba, mlango ukifunguka unaliziba. Ndani ya kabati la nguo lisiwepo kabisa, na bafuni pia.

Hatua ya 3: Kimbia maji na chumvi

Kabla fundi hajatoboa, pitisha kiganja ukutani. Rangi ikibanduka kama magamba na unga mweupe ukabaki mkononi, ukuta huo unanyonya maji, mara nyingi kutoka bafu la upande wa pili. Ndani ya boksi skrubu za shaba zitaota ukijani, kiungo cha waya kilegee, kiungo kilegevu kipate joto. Breka haikioni kilegevu. Yenyewe inahesabu ampia tu.

Angalia na juu: tangi la maji, bomba, kiyoyozi kinachodondosha. Kama boksi lazima likae nje, usilielekeze kusini mashariki, kwani kusi ikivuma na mvua za masika inapiga ukuta ule moja kwa moja.

Hatua ya 4: Kimo na nafasi

Uingereza, kwa nyumba mpya, swichi za boksi zinatakiwa ziwe kati ya sentimita 135 na 145 kutoka sakafuni. Kipimo kizuri, fuata. Mbele yake acha karibu mita moja tupu. Tupu kweli: si magodoro, si pikipiki ya msimamizi.

Hatua ya 5: Usilikimbize mbali na mzigo

Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba unapoteza takriban milivolti 18 kwa kila ampia kwa kila mita. Chumba kilicho mita 40 kutoka kwenye boksi linalokilisha, kikivuta ampia 20, kinapoteza volti 14.4, wakati asilimia 5 inayokubalika ya volti 240 ni 12. Jengo la ghorofa basi liwe na boksi kila sakafu, katikati ya korido, la kulisha yale madogo ya vyumbani.

Maswali

Mwenye hosteli, Kisauni: Fundi, shukran. Mimi maboksi yote nimeyafungia chumbani kwa msimamizi, vijana wasichezee breka. Kuna ubaya?

Upo, mzee wangu. Msimamizi akienda swala ya Ijumaa na ufunguo uko mfukoni mwake, nani atazima? Boksi la kila sakafu lifunge kwa kufuli ukitaka, lakini swichi yake ya kuzimia iwe nje ya mlango wa kabati. Na kama nia ni kuzuia koili, weka breka ndogo zaidi chumbani, haihitaji mlinzi.

Mwanafunzi, Tudor: Letu liko jikoni, juu kidogo ya jiko la gesi. Mwenye nyumba asema limekaa hapo miaka na halijaleta neno.

Dada, mwambie mafuta na mvuke vinaingia humo kila siku, na moto ukianza jikoni hamtaweza kulifikia. Lihamishwe. Kwa sasa sogezeni jiko, hilo mnaweza leo.

Fundi mwenzetu, Likoni: Chini ya ngazi je? Ndipo penye nafasi.

Ndipo penye nafasi ya kila kitu, ndugu yangu. Mwezi mmoja tu utakuta ndoo na makarai. Tena ngazi ndiyo njia ya kutokea. Kitu kinachoweza kuwaka usikiweke chini yake.

Mwenye hosteli mwingine: Chuma au plastiki?

Ndani, mahali pakavu, chuma kilichopakwa rangi ya kiwandani, kwa sababu ya moto; Uingereza wameacha plastiki inayoungua majumbani tangu 2016. Nje, kwa chumvi yetu, plastiki isiyoshika moto ya kiwango cha IP65, yaani isiyoingiza vumbi wala maji ya kurushwa. Na waya ziingilie chini. Tundu la juu ndilo linaloleta maji ndani.