Kabla Hujasema "Mungu Ameahidi"

Nimefundisha darasa la Biblia kanisani kwa miaka mingi, na uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema niliusema nikiwa nimepiga magoti. Tulikuwa kando ya kitanda cha kijana mgonjwa. Nilimshika mama yake mkono nikamwambia, "Mungu ameahidi, mwanao ataamka." Siku tisa baadaye tulimzika. Wiki iliyofuata mama yule alinisubiri ibada iishe, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kati yako na Mungu, nani aliyesema uongo?"

Nilijua jibu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyojizoeza kuyafanya tangu siku ile, kabla sijathubutu kumtamkia mtu ahadi yoyote kwa jina la Mungu.

Chukua daftari, uandike ile ahadi neno kwa neno pamoja na kitabu, sura na mstari wake. Usiandike unavyoikumbuka. Kazi yangu mara nyingi huishia hapo hapo, kwa sababu mstari wenyewe haupo. Niliutafuta ule niliompa mama yule, sikuupata. Ilikuwa hamu yangu tu, nimeivika joho la nabii.

Mstari ukiwepo, uliza nani anasema na anamwambia nani. Chukua ule unaopendwa kuliko yote, Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Usiusome kabla hujasoma sura ya 28. Humo nabii Hanania anasimama hekaluni na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili Mungu atawarudisha mateka kutoka Babeli, pamoja na vyombo vya hekalu. Habari tamu! Yeremia anajibuje? Anasema "Amina", Bwana na atende hivyo. Naye alitamani iwe kweli. Lakini alijua kutofautisha kati ya anachokitamani na alichoambiwa, na alichoambiwa kilikuwa miaka 70. Hanania alikufa mwaka ule ule.

Ndipo inakuja ile barua ya sura ya 29, ambayo Yeremia aliwaandikia mateka waliokuwa Babeli, na mstari wa 10, ulio juu kabisa ya ule tunaoupenda, unataja hiyo miaka 70. Mtu wa miaka arobaini aliyesomewa barua ile kule Babeli alielewa vizuri kwamba atazikwa ugenini. Ndiyo maana waliambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani. Amani waliyoahidiwa ilikuwa ya kweli, ila wengi wao wangeiona kupitia wajukuu. Tukiukata mstari wa 11 na kuuacha wa 10, tunamgeuza Yeremia kuwa Hanania.

Kisha tafuta sharti, hata kama halijaandikwa. Yona alihubiri kwamba baada ya siku 40 Ninawi utaangamizwa, na siku 40 zikapita mji ukiwa umesimama. Je, Mungu alidanganya? Soma Yeremia 18:7-8: Mungu anasema waziwazi kwamba akitangaza kuliangamiza taifa, nalo likageuka na kuacha uovu wake, ataghairi. Onyo lilikuwa na mlango tangu mwanzo. Yona mwenyewe alijua, na ndicho kilichomuudhi.

Kuhusu muda sitasema mengi. Ibrahimu aliyeahidiwa uzao aliondoka Harani akiwa na miaka 75, Isaka akazaliwa baba yake ana miaka 100. Hesabu mwenyewe.

Halafu pitisha ahadi kwa Kristo. Paulo anasema katika 2 Wakorintho 1:20 kwamba ahadi zote za Mungu, katika yeye ni Ndiyo. Napenda mahali alipoliweka neno hilo: alikuwa anajitetea kwa sababu alibadili ratiba ya safari, nao Wakorintho wakamwona mtu wa ndiyo na siyo. Ratiba ya mtume ilibadilika, Kristo habadiliki. Neno lenyewe "amina" linatokana na shina la Kiebrania lenye maana ya kitu imara, kinachoweza kubeba uzito. Shina hilo hilo, kupitia Kiarabu, limetuachia amini, imani na amana. Kwa hiyo jiulize: hii ahadi naweza kuiegemea kwa uzito wangu wote? Msamaha wa 1 Yohana 1:9, ndiyo. "Mimi nipo pamoja nanyi siku zote," ndiyo. Ufufuo, ndiyo. Na ile ya Yohana 16:33, kwamba ulimwenguni tunayo dhiki, nayo ni neno lake, ingawa sijamsikia mtu akiidai kwa kufunga na kuomba.

Utafanya haya yote, na siku nyingine moyo utakuambia bado kwamba Mungu hakutimiza. Usiufiche moyo huo ili kumlinda Mungu. Rafiki zake Ayubu walimtetea Mungu kwa maneno mazuri, na katika 42:7 Mungu anawakasirikia wao, anasema Ayubu ndiye aliyenena yaliyo sawa. Yeremia alimwambia Bwana usoni kwamba amemhadaa, na maneno hayo hayakufutwa katika Maandiko. Mungu asiyesema uongo hahitaji waongo wa kumtetea.

Kando ya kitanda siku hizi nasema sentensi tatu: Naomba upone. Sijui kama utapona. Najua Bwana yupo hapa. Mara ya kwanza nilipozisema zilinitoka kwa shida, nikaona kama nimepungukiwa na imani. Baadhi ya wenzangu kanisani bado wanaona hivyo.

Kwa mama yule nilirudi. Nilimwambia kwamba aliyesema uongo ni mimi, na kwamba Mungu hakuwa ametamka neno lile. Hakunijibu. Nikafungua Zaburi ya 89, zaburi inayousifu uaminifu wa Mungu mistari 37, kisha mstari wa 38 unaanza na "Walakini" na zaburi nzima inageuka kuwa malalamiko, hadi mwimbaji anauliza ziko wapi fadhili zile za kwanza. Nilitaka kuanza mwanzoni. Aliweka kidole kwenye 38, akasema, "Anzia hapa, Mwalimu. Huko juu bado sijafika."