Somo: Kumfundisha anayeanza kunyoa kwa kutumia simu yako

Habari za humu ndani wakuu. Ujumbe wa aina moja unanijia mara kwa mara: "Kaka, nina kijana mpya ofisini, nimtumie video gani ajifunze kunyoa?" Nimejibu mmoja mmoja vya kutosha. Leo naandika yote mahali pamoja, na atakayeniuliza tena nitamletea hapa hapa.

Niko Mwanza, nanyoa upande wa Buzuruga na nafundisha vijana. Jibu langu ni kwamba usimtumie video ya mtu yeyote. Mrekodi yeye. Kijana akitazama fundi wa Atlanta au wa Dar anaona kichwa kilichokwisha kupendeza, lakini hajui mkono wake mwenyewe unafanya nini. Tena nyingi ya video hizo zimekatwakatwa: kazi ya dakika arobaini imebaki sekunde thelathini, na ule mstari mweusi wa mbele umekolezwa rangi. Mwanafunzi anakaa wiki nzima akijilaumu kwa nini mashine yake haitoi weusi ule. Simu ina faida kubwa moja katika ufundi huu: inampa anayejifunza nafasi ya kuuona mkono wake ulivyokuwa ukitembea, kwa sababu akiwa kazini macho yake yako kwenye nywele.

Unahitaji simu yoyote inayorekodi mwendo pole (slow motion), kitu cha kuisimamishia (hata waya mgumu ukiukunja vizuri unatosha), mashine, na kiti karibu na dirisha.

Hatua ya 1. Usafi. Brashi kwanza kuondoa nywele, kisha spiriti kwenye makali, kila kichwa, bila kukumbushwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, kwa hiyo asiyelishika hili asiguse mteja.

Hatua ya 2. Mashine ikiwa imezimwa, aipitishe juu ya mpira wa kuchezea mpaka mkono uzoee kupanda na mviringo kisha kuinuka kutoka nje taratibu.

Hatua ya 3. Namba. Ni vile vitana vya plastiki vinavyovishwa kwenye mashine kuamua urefu wa nywele. Mwambie azijue kwa milimita, asikariri rangi za plastiki: namba 1 ni milimita 3, namba 2 ni 6, namba 3 ni 10, namba 4 ni 13. Kisha apige picha ya kila namba kwenye nywele za kipilipili zilizonyolewa hapo ofisini, azipange kwenye albamu yake. Picha za kwenye boksi la mashine mara nyingi ni za nywele zilizolala, na nywele zetu zikiwa na milimita 6 hazionekani kama zao.

Hatua ya 4. Kuiweka simu. Hapa someni polepole, maana wengi wanaosema "nilijaribu haikusaidia" waliharibu hapa.

Tumia kamera ya nyuma. Kamera ya mbele katika simu nyingi hugeuza picha kama kioo, kulia kukawa kushoto, na mwanafunzi akija kusahihisha panja la kulia anasahihisha lililokuwa zima. Simu isimame usawa wa kiwiko cha mnyoaji, ubavuni, upande wa mkono ulioshika mashine. Ukiiweka juu ya kichwa cha mteja utarekodi nywele zikidondoka na hutaona kifundo cha mkono. Bonyeza skrini kwa muda ili mwanga na fokasi vijifunge. Usipofunga, shuka jeupe likiingia kwenye picha simu inapunguza mwanga yenyewe, nywele zinakuwa nyeusi tii. Shuka likitoka, kichwa kinang'aa. Kijana anatazama klipu mbili na kuona fedi (unyoaji unaofifia taratibu kutoka nywele ndefu hadi fupi) mbili tofauti, wakati kichwa ni kile kile.

Onyo kubwa zaidi: zima ule urembo wa kamera (beauty) wa kulainisha ngozi. Kuna simu zinazokuja ukiwa umewashwa tayari. Kazi yake ni kufuta mikwaruzo na vivuli vidogo, na ule mstari unaobaki kati ya namba 1 na namba 2, ambao ndio unaoutafuta, nao ni kivuli kidogo. Simu inaufuta. Mwanafunzi anaona fedi safi, anajisifu, anamtoa mteja nje, na juani Buzuruga kila mtu anauona mstari. Angalieni hili kila mnapofungua kamera, kwa sababu kuna simu zinazouwasha tena zenyewe baada ya kusasishwa.

Hatua ya 5. Rekodi sehemu moja tu. Panja la kulia, au kisogo, basi. Kichwa kizima hakuna atakayekitazama. Mwendo pole wa picha 240 kwa sekunde unatosha kabisa.

Hatua ya 6. Tazameni pamoja mteja akishaondoka, na mwache kijana aseme kwanza anachoona. Wewe ukitangulia kusema, atakuitikia "ndiyo bosi" na hajaona kitu. Mwelekeze macho kwenye vitu vitatu: je, kifundo kinaanza kugeuka kabla makali hayajafika mwisho wa eneo, au anasukuma moja kwa moja mpaka mashine inagota? Je, mkono wa pili unavuta ngozi au umening'inia? Na mashine imelala kichwani au imesimamia meno? Akishaona mwenyewe kwamba mashine yake inagota, hatakuuliza tena ule mstari umetoka wapi. Baada ya hapo pigeni picha ya upande mmoja na mwingine, muigeuze kuwa nyeusi na nyeupe, muongeze ukali wa tofauti (contrast) kidogo. Fedi isiyochanganyika itaonekana kama ngazi.

Hatua ya 7. Sauti sikioni. Kijana akianza kunyoa mteja wa kweli, mpigie simu, aweke hedifoni sikio moja, wewe kaa mita mbili nyuma na useme kwa sauti ya chini: "inua," "rudi namba 2," "vuta ngozi." Ukimkosoa kwa sauti mbele ya mteja, mkono unaanza kutetemeka na mteja anaomba abadilishiwe kinyozi. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia yenye heshima kuliko zote, kwa kijana na kwa mwenye kichwa.

Hatua ya 8. Ruhusa. Mteja aulizwe kabla ya kurekodiwa, mtoto aulizwe mzazi wake, uso usiingie kwenye picha. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inafanya kazi tangu 2023. Hata isingekuwapo, kichwa ni cha mtu.

Hatua ya 9. Aanze na kichwa cha namba moja kizima, fedi baadaye, na siku zote atoke namba kubwa kwenda ndogo. Nywele huota kama sentimita 1 kwa mwezi. Akitoboa mahali palipokuwa namba 2, mteja huyo anakaa na tundu lile wiki mbili au zaidi.

Nawasilisha. Karibuni maswali, ila someni kwanza.

MASWALI NA MAJIBU

Kijana wa Igoma: Mkuu somo zuri sana. Naomba link ya video nzuri ya kujifunzia fedi.

Mwandishi: Soma aya ya pili.

Mzee wa Kazi: Hizi mbwembwe tu. Sisi tulijifunza kwa kusimama nyuma ya fundi na kufagia nywele, na tunanyoa mpaka leo.

Mwandishi: Na mimi nilifagia, mzee wangu. Sijasema kijana asisimame nyuma ya fundi. Ila kumbuka kufundishwa kwenyewe: fundi anakwambia "legeza mkono", wewe unaamini umeulegeza. Unaweza kukaa miezi hivyo, na wanaolipia ni wateja. Hapa kijana anauona mkono wake siku hiyo hiyo. Kama una njia ya haraka zaidi iandike, nitaisoma kwa makini.

Binti Kirumba: Shikamoo kaka. Nimejaribu leo mchana baada ya kusoma. Video ya kawaida iko sawa, lakini ya mwendo pole ina mistari myeusi inapita na picha inawaka na kuzima. Simu ni mbovu?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu, asante kwa kujaribu kabla ya kuuliza. Simu yako ni nzima, ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ndani humeta mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini simu inayochukua picha 240 kwa sekunde inanasa taa ikiwaka na ikififia. Sogeza kiti dirishani utumie mwanga wa jua, au mulika kwa tochi ya simu nyingine, kwa sababu tochi hiyo inatumia betri. Kwa video ya kawaida, kama simu yako inaruhusu kuchagua, weka picha 25 au 50 kwa sekunde, ile metameta inapungua.

Binti Kirumba: Imekubali dirishani! Sasa swali lingine: kwa nini meno ya mashine bado hayaonekani vizuri hata kwenye mwendo pole?

Mwandishi: Swali zuri. Mashine ya sumaku inayochomekwa ukutani inafuata umeme ule ule, makali yanasukumwa mara 100 kila sekunde, na kwa picha 240 unapata kama picha mbili tu kwa kila msukumo. Haitoshi kuyaona meno. Usijali, tunachokagua ni mkono.

Fundi Nyegezi: App gani ya akili mnemba inafundisha kunyoa? Kuna moja naona matangazo yake, unapiga picha inakuwekea mtindo.

Mwandishi: Hiyo ya kubandika mtindo ni ya mteja kuchagulia, na hata hapo kuwa mwangalifu: inamchorea nywele nyingi panjani ambazo hana, halafu anakudai wewe. Haifundishi mkono.

Fundi Nyegezi: Kwa hiyo unapinga teknolojia?

Mwandishi: Nimeandika hatua tisa za kutumia simu.

Nansio: Huku Ukerewe mtandao unakuja na kuondoka, na bando ni ghali kwa kijana anayejifunza. Njia hii itafaa?

Mwandishi: Inafaa kuliko nyingine zote, kwa sababu haihitaji intaneti. Kurekodi na kutazama ni ndani ya simu. Mkitaka kubadilishana klipu na mafundi wa huku mjini, wekeni kwenye kadi ya kumbukumbu, mtu anayevuka na meli aje nayo. Ndani ya ofisi rusheni kwa Bluetooth. Hatua ya 7 tu ndiyo inahitaji mtandao wa simu, na ikigoma, kubalianeni alama: gonga kiti mara moja maana yake inua mkono.

Mashoto: Mimi natumia mkono wa kushoto, mwalimu wangu anatumia wa kulia. Kila akinionyesha nachanganyikiwa. Kuna msaada?

Mwandishi: Upo, tena rahisi. Mrekodi mwalimu wako kwa kamera ya nyuma, kisha kwenye sehemu ya kuhariri ya simu igeuze klipu kulia kushoto. Sasa unamtazama fundi wa mkono wa kushoto anayenyoa kama utakavyonyoa wewe. Ule ugeuzaji wa kioo niliouonya hatua ya 4 hapa unakuwa rafiki yako. Andika jina la klipu "imegeuzwa" ili usije ukachanganya. Na ukijirekodi wewe, simu isimame kushoto kwako.

Kijana wa Igoma: Nimesoma sasa mkuu, samahani. Nikishajua, kuna cheti? Saluni kubwa za mjini wanadai cheti.

Mwandishi: Hakuna shida, karibu. VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wana utaratibu wa urasimishaji ujuzi, kwa watu waliojifunza kazini bila kupita darasani. Nenda chuo chao cha hapa Mwanza uulize kama fani yetu ipo kwenye orodha ya mwaka huu. Zile klipu zako zihifadhi kwa tarehe hata hivyo, mwenye saluni akiona panja la mwezi wa kwanza na la mwezi wa nne anaelewa haraka.

Mama Saluni: Kaka nje ya mada kidogo. Mashine yetu jioni inagonga kelele kubwa na haikati vizuri, asubuhi iko sawa. Vijana wanasema imekufa.

Mwandishi: Kama ni ya kuchomeka ukutani, ina skrubu ndogo ubavuni. Jioni umeme ukishuka nguvu, au ukirudi na nguvu nyingi, ile skrubu inahitaji kurekebishwa. Washa mashine, zungusha skrubu kulia taratibu mpaka igonge, halafu irudishe kushoto mpaka kelele ikome tu, uishie hapo. Za kuchaji hazina skrubu hiyo.

Mama Saluni: Imenyamaza! Na oili? Wameweka ya kupikia.

Mwandishi: Ya kupikia inaganda na kunata. Safisha makali kwa spiriti, yakauke, kisha matone mawili ya oili ya cherehani, moja kila kona, uiwashe kidogo na kufuta kabla haijagusa ngozi ya mtu.