Namna ya kupata nguvu kati ya chembe mbili kwenye uga wa skala

Haya, nyie wa fizikia hapa Mombasa mnaoniuliza hii kitu kila tukikaa barazani, hesabu yenyewe si ngumu, watu huogopa jina tu.

Chukua uga wa skala φ (kila nukta ina namba moja tu, haina mwelekeo) wenye masi m, kwenye Lagrangiani (ile fomula inayozaa milinganyo ya uga) tia Jφ, J ndo chanzo cha uga. Chembe zako ziwe nzito hazisongi, kila moja ni nukta ya ukubwa g, moja hapa nyengine umbali r. ℏ (ya Planck) na c (kasi ya mwanga) zifanye 1. Kwa vile hakuna kinachosonga muda unautupa, unabaki na (∇² − m²)φ = −J, na jibu kwa nukta moja ni φ = g e^(−mr)/4πr. Ukitaka kulitoa mwenyewe pita kwa Fourier (kuuvunja uga kuwa mawimbi, kila moja na k yake), utakutana na 1/(k² + m²), unaokota poli (pale chini panapokuwa sifuri) ya k = im ushamaliza, hiyo ni kazi ya kwenye foleni ya feri Likoni.

Penye shughuli ni ishara. Wengi huhesabu nishati ya uga peke yake, wanapata +½∫Jφ, mbio washasema chembe zinasukumana. La, kuna na −∫Jφ ya chembe kushikana na uga, jumlisha zote inabaki −½∫Jφ. Sasa kipande cha chembe na uga wake wenyewe kiache, ni infiniti lakini hakitegemei r kwa hivo hakitoi nguvu yoyote. Vile viwili vya huyu na uga wa yule vinalingana, ile nusu inakufa, wapata E = −g² e^(−mr)/4πr. Ni hasi, zikikaribiana nishati yashuka, kwa hivo zinavutana, na g zao ni sawa kabisa! Hii skala ni spini 0 (spini ni mzunguko wa asili wa uga). Umeme, ambao ni spini 1, wafanya kinyume, graviti ya spini 2 inarudi kuvuta.

Nguvu sasa: F = −(g²/4π) e^(−mr) (1/r² + m/r). Ipime kwa m = 0, lazima itoke 1/r² kama ya Newton, isipotoka rudi nyuma.

Umbali wa nguvu hii kufika ni kama 1/m. Rudisha ℏc, ni kama 197 MeV mara femtomita, gawa kwa masi ya pioni (chembe inayobeba nguvu kati ya protoni na nyutroni) ya 140 MeV, wapata femtomita 1.4, saizi ya mambo ya ndani ya kiini cha atomu. Yukawa, mwanafizikia wa Japani, mwaka 1935 alikuja kinyumenyume, umbali anaujua akatafuta masi, akakisia kama mara 200 ya elektroni, na pioni ilipopatikana 1947 ikawa kama mara 270. Ila msiibebe hii fomula nzima kwa pioni, ile ni pseudoskala (skala inayogeuza ishara ukiitazama kwenye kioo) na nguvu yake yategemea spini za protoni na nyutroni, kinachobaki vilevile ni ile e^(−mr).