Maji yakishapita shambani, usikimbilie jembe

Wakulima wa bonde la mto Mkondoa, Kilosa mkoani Morogoro, wanajua kuwa mafuriko hayangoji mvua inyeshe kwao. Mto hukusanya maji ya Mpwapwa na ya milima ya Rubeho na Ukaguru, ukaweza kufurika usiku na Kilosa kumekauka. Mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 maji hayo yaling'oa hata Reli ya Kati.

Maji yakipungua, hofu ya kupitwa na msimu humsukuma mkulima alime siku hiyohiyo. Subiri. Chimba kina cha kiganja, chukua udongo, ufinyange. Ukishikamana kama wa kufinyangia chungu, bado. Ukipitisha trekta au maksai kwenye tope unashindilia ardhi, na mizizi itakosa hewa msimu mzima. Kazi ya siku hizo ni kufungua mifereji ili maji yaliyotuama yatoke.

Angalia pia tope jipya lina unene gani. Likiwa la vidole viwili vitatu, lichanganye na udongo wa chini, maana mara nyingi lina rutuba. Ukikuta mchanga mtupu, usipoteze mbegu ya mahindi hapo. Panda marando ya viazi vitamu. Msimu ukiwa umebaki mfupi, kunde na choroko zitawahi kukomaa.

Linalowauma wengi ni mahindi yaliyolowa ghalani. Najua ndicho chakula cha mwaka. Hata hivyo, yaliyoguswa na mafuriko usiyale wala usiwape kuku. Maji yale yamepita vyooni, na nafaka iliyolowa huota ukungu unaoleta sumukuvu, ambayo kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara.

Mnyama akifa ghafla, msimchune. Huenda ni kimeta, ugonjwa unaoambukiza hata watu. Mwiteni mtaalamu wa mifugo.

Kuhusu kingo za mto, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe bila shughuli za kuharibu. Matete na majani ya tembo yaliyopo hapo yaacheni, hushika udongo. Lakini kwa maoni yangu, tuta la kuzuia maji bondeni peke yake halitoshi ikiwa mlimani watu wanalima kufuata mteremko. Kule yanahitajika makinga maji ya fanya juu, mtaro ukikata mteremko na udongo ukitupwa upande wa juu. Vijiji vya bondeni viende na majembe kuwasaidia wa mlimani kuyachimba kiangazi, ardhi ikiwa bado kavu.